Redio ilitangaza kimbunga, nikajaza mawe juu ya jiko, mbuzi akagoma kuingia

Wakuu, nawasalimu wote, wa pwani na wa bara.

Nianze na kosa langu: nilidhani kitu kizito ndicho kitu salama.

Haya ni ya Mambrui, miaka ya themanini. Picha sina, ila mbuzi sitamwongezea hata pembe.

Nilikuwa kijana wa wasiwasi. Mlango nikiufunga, narudi kuujaribu tena. Ufundi sikufundishwa na mtu. Nilitazama watu wakijenga, kisha nikaenda kuhangaika nyumbani hadi kitu kinyooke.

Redio ikasema kuna kimbunga baharini na huenda kikatupitia. Upepo mkali tuliujua, lakini kimbunga? Hakuna mtu mtaani aliyewahi kukiona. Niliogopa, na kusema kweli nilitamani pia kujua kikoje.

Baba alikuwa kazini Mombasa. Nyumbani tulikuwa mimi, mama, dada yangu Rukia na mwanawe mchanga. Rukia alikuwa ametoka kuugua, maziwa yake yamekauka, na mtoto alikuwa akilelewa na maziwa ya mbuzi wetu Shani. Mbuzi wengine walikuwa wakavu, hawatoi maziwa. Shani akifa, sijui tungempa nini yule mtoto.

Nyumba yetu ilikuwa ya makuti. Nikaifunika nyavu kuukuu za kuvulia, kamba nikazifunga kwenye vigingi chini. Ndivyo tufanyavyo kwetu.

Shida ilikuwa jiko la uani, la mabati, nilipopanga kuwaweka mbuzi. Nikapandisha mawe juu ya paa, mabati yasipeperuke. Nikashuka, nikatazama, upande mmoja nikauona mwepesi. Nikaongeza. Sasa ule wa pili ukaonekana mwepesi zaidi.

Rukia akanitazama, mtoto yuko mbelekoni. "Saidi, bado bahari tu hujaitia kamba."

"Utanishukuru," nikamwambia.

Alasiri upepo ukaanza. Nikawaingiza mbuzi jikoni, wakaingia wote ila Shani. Alikita miguu mlangoni. Nikamsukuma, nikamvuta pembe, wapi! Akachomoka mbio, na kwa kuwa wenzake humfuata yeye, wakatoka wote nyuma yake. Nikawakimbiza kwa matusi ambayo hapa siyaandiki.

Ndiyo kwanza namshika Shani karibu na kisima, nikasikia kishindo.

Boriti ya jiko ilikuwa imekatika. Mawe yote chini, mabati juu yake. Na upepo wenyewe ulikuwa haujaangusha hata mgomba.

Mama akatoka, akashika kiuno. "Haya fundi, ndicho hicho kimbunga?"

Nikainama kuokota mawe.

Mbuzi wakalala ukumbini pamoja nasi. Kimbunga kikageukia kwingine huko baharini, sisi tukapata mvua na upepo hadi alfajiri. Nyavu zikashika paa. Shani aliukojolea mkeka mzuri wa mama, lakini asubuhi mtoto alipata maziwa yake.

Sasa wakuu, kinachonikereketa hadi leo: yule mbuzi alijua nini?

Niliikagua ile boriti. Nje nzima, ndani imeliwa na mchwa. Je, aliisikia ikilia, mimi nisiisikie? Nikamwambia mama kwamba Shani ana akili kutushinda sote.

"Akili gani, mwanangu? Alimwagikiwa na uji wa moto mle jikoni. Tangu siku hiyo haingii."

Huenda ni kweli. Lakini mbona pale kwenye kizingiti aliinua kichwa akitazama juu darini, si kwenye mafiga? Au nami nataka tu iwe hivyo?

Nilichojifunza: paa hushikwa kutoka chini. Ukililemea kwa juu, unamwekea mtego aliye ndani. Wafugaji wa Ganze na Jilore, na wengine wote, mmewahi kugomewa hivi na mnyama? Sababu iligeuka kuwa nini? Semeni, nasoma kila jibu.

Wasiwasi wangu haujaisha. Ila siku hizi, kabla ya kumwingiza mnyama bandani, nagonga boriti, kisha naingia mimi kwanza nikae humo kidogo.