Kiboko Kilichokwama

Wenzangu, aibu niliyoipata juzi hapa Ruiru imenishinda kubeba peke yangu. Shuleni kwetu ni mwalimu mkuu tu anayeruhusiwa kuchapa watoto, lakini mimi nina kiboko changu cha siri.

Watoto walikuwa wametoka kucheza, nami nimebaki darasani, nilipomwona Mama Kamau akija mbio kutoka shamba la kahawa. Jana yake nilikuwa nimemchapa mwanawe, Kamau. Nikakisukuma kiboko ndani ya mguu wa suruali, nikasimama wima kama askari.

"Mwalimu, ni kweli unachapa watoto?"

"Mimi? Hata siku moja, mama!"

"Ngai! Kumbe Kamau amenidanganya, na nilikuja kukushukuru. Basi nitampeleka Thika, kwa walimu wanaochapa."

Nishindwe na Thika? "Ngoja, mama, ninacho!" Nikavuta, kikakwama gotini. Nikafungua mshipi, nikainama. Mara akaingia mwalimu mkuu, na nyuma yake inspekta wa shule, Mzungu.

"Mwalimu! Mbona unavua suruali mbele ya mzazi?" mkuu akafoka.

Mama Kamau akanitetea kwa moyo wote: "Msimsumbue, anatafuta kiboko alichomchapia Kamau wangu jana!"