Darling Aliyejificha Chini ya Godoro

Wajukuu zangu saba, wote wamesoma, hata mdogo anasoma kitabu huku anakula. Lakini wakinisikia nautaja mto wa Australia hucheka. Huko sijafika wala sina haja. Ila mto huo kona zake ninazijua kuliko wao, kwa sababu ulinipandisha presha miaka ya sabini, mama yao akiwa binti wa miaka kumi na minne, hapa hapa Birmingham.

Tulikaa Sparkhill. Mume wangu alifanya kazi kiwanda cha magari huko Longbridge, akirudi amechoka hata kusema hawezi. Kwa hiyo kumlinda binti ilikuwa kazi yangu, nami nililinda kweli. Mifuko ya koti nilikagua. Akikosa basi moja tu, nilimnusa nywele.

Jumamosi moja natandika kitanda chake, mkono ukagusa karatasi chini ya godoro. Niliishia darasa la tatu, lakini herufi nazijua. Mstari wa buluu umepindapinda kama nyoka, na kando yake, kwa mwandiko wa madaha, neno moja limeandikwa mara nne: Darling.

Kiingereza changu kilikuwa cha dukani, ila hilo nalijua. Jirani yetu Mzungu alimwita hivyo mumewe kila asubuhi akimpa mkoba wa chakula mlangoni.

Nikamwita jikoni. "Huyu darling ni nani?"

"Mama! It's a river! Ni mto, uko Australia."

"Mto unaitwa mpenzi?"

"Ndiyo jina lake. Ni kazi ya shule, naipeleka Jumatatu."

"Jumatatu huendi popote. Shule imekwisha. Utakaa hapa unasukuma chapati mpaka uote mvi."

Akalia. Si kilio cha kudeka. Alilia kama aliyefiwa. Nikaona, haya, nimpe mtihani wangu mimi. Anayetunga, ukimrudisha nyuma, anajichanganya. Nikamwaga unga mezani. "Nichoree huo mto. Karatasi ninayo mimi, usiitazame."

Akachora kwa kidole, kamasi zinamtoka. "Unaanza milimani, huku mashariki."

"Na bahari iko wapi?"

"Hapa karibu, nyuma ya milima."

"Basi unaingia hapo."

"Hapana, Mama. Unaipa kisogo. Unakwenda bara, kusini-magharibi, kwenye ukame. Mvua ikikosekana unakatika, vinabaki vidimbwi. Halafu unaingia mto mwingine, Murray. Huo unakwenda magharibi, unakata kona kusini, ndiyo unafika baharini."

"Muongo we! Bahari iko mlango wa pili, maji yakaamua kuzunguka nchi nzima? Hata mlevi haendi kwake hivyo."

Nikafuta unga. Akachora tena. Nikafuta. Mara ya tatu, kona zile zile.

"Na kwa nini umeuficha?"

Akajifuta kamasi. "Kwa sababu kazi ya mwezi uliopita ulifungia maandazi ya Baba."

Nilifungia kweli, na karatasi ilikuwa nzuri, haikuvuja mafuta.

Lakini unga hauapi, nilitaka shahidi. Jumatatu nikampeleka mwenyewe, karatasi nimeibana kati ya sinia mbili isilowe mvua. Mwalimu wake mwanamume, tena kijana. Hilo halikunifurahisha hata kidogo. Nikamnyooshea karatasi, nikamwambia kwa Kiingereza changu chote:

"Darling. Where?"

Akawa mwekundu kama nyanya. Darasa likaangua kicheko, binti yangu akafunika uso kwa mikono. Nikaugonga ule mstari wa buluu kwa kidole. Ndipo mwalimu akaelewa, akanipeleka kwenye ramani ya ukutani.

"Wewe usiseme neno," nikamwonya binti.

Kidole cha mwalimu kikaanzia milimani. Kikaipa bahari kisogo. Kikaingia bara, kikateremka mpaka kwa huyo Murray, kikaenda magharibi, kikakata kona kusini. Nilikuwa nakifuata kama polisi. Kona zote za mezani kwangu zilikuwemo.

Nikampa binti karatasi yake. "Kaa kwenye kiti chako," nikamwambia. "Na ukirudi, ile droo ya vitambaa ni yako. Karatasi zako weka humo, sitazigusa."

Kabla ya kutoka nikamtazama mwalimu mkono wa kushoto. Una pete. Basi nikachukua sinia zangu, nikaenda kusubiri basi.