Balbu Moja, Vyumba Viwili

"Zima taa, mzee. Siku ya tisa leo mwanangu halali, na mie maziwa yananikauka."

Mzee Jamali alimjibu Eufrazia kutoka upande wake wa ukuta kwamba swichi ni yake, na mtoto asiyelala akabembelezwe na baba yake. Huyo baba alikuwa zamu ya usiku kiwandani, na mzee alilijua hilo. Eufrazia naye mdomo hakuazima kwa jirani. Shikamoo alishaacha kumpa. Akamwambia mtu mzima anayeogopa giza arudi kwao Newala akalale na mama yake.

Nyumba ilikuwa Temeke, mwaka sabini na tatu. Mwenye nyumba, kwa ubahili wake, alitoboa tundu juu ukutani akatia balbu moja iangaze vyumba viwili, swichi akaiweka kwa Jamali. Iliwaka magharibi mpaka alfajiri. Revelian, mtoto wa miezi miwili, aliitolea macho kama anayesubiri iseme neno. Mchana fofofo, usiku kilio. Mama yake akaanza kuangusha vyombo na kulia bila kufiwa. Siku alipomtikisa mtoto mpaka shingo ikayumba, aliiogopa mikono yake mwenyewe, akaenda kwa balozi wa nyumba kumi.

Balozi Kasimiri aliwaketisha barazani. Jamali alieleza kwamba macho yameingia ukungu, taa ikizimwa hauoni hata mlango. Watu wakacheka, Eufrazia kuwashinda wote. Ikaamuliwa taa izimwe saa tatu, na mzee, kwa matusi yake, atoe kuku mmoja, mzazi anywe supu.

Kuku hakutoka, lakini taa ilizimwa. Mtoto akalala, mama akalala, mikono ikatulia. Usiku wa nne Jamali alitoka kwenda chooni akipapasa ukuta, akakosa kizingiti cha uani. Nyonga ikavunjika. Aliita. Eufrazia alimsikia vizuri tu. Akasema moyoni kwamba huyu sasa anatafuta taa kwa hila, akageuka upande wa pili.

Alfajiri ndipo walipomwokota.

Wiki ileile Eufrazia alimpeleka mtoto zahanati kupimwa uzito, akamsimulia nesi habari ya balbu. Nesi hakuinua hata kichwa kwenye daftari.

"Mtoto mchanga giza ndilo linalomfundisha usiku. Mzee jicho lake linataka mwanga mara tatu ya wako. Kipande cha boksi kwenye tundu, upande wako, mngelala wote."

Eufrazia akambeba mtoto akarudi nyumbani. Njia nzima hakumjibu mtu salamu.

Jamali alikaa kitandani siku kumi na moja, akafa. Siku ya kuzika, kabla jeneza halijainuliwa, mwanawe aliyefika kutoka Newala alisimama uani akasema anayemdai marehemu ajitokeze, yeye atalipa. Balozi Kasimiri akakohoa, akatazama walikokaa wanawake.

Eufrazia akasimama mlangoni, mtoto amelala mgongoni.

"Nilikuwa namdai kuku mmoja," alisema. "Nimemsamehe."

Akakaza mbeleko. Yule mwana alimshukuru mbele ya watu wote, akamwambia mama, una moyo wa huruma. Wakainua jeneza.