Mguu wa Kushoto wa Mihayo

Paskalia hakuwa mtu wa kubembeleza. Mchimbaji akiletwa kwake amebebwa mgongoni, mguu unaning'inia, anapiga mayowe, humwambia, "Nyamaza, baba, kelele haziungi mfupa." Kisha huagiza kuku.

Ndiyo, kuku. Kijijini kwake, upande wa Bugarama, ambako maduara, mashimo ya wachimba dhahabu, huporomoka kila masika na kuvunja watoto wa watu, hakuna aliyefungwa vijiti na Paskalia bila kuku kuvunjwa mguu uleule na kufungwa vivyo hivyo, siku ileile. Kuku akianza kukanyaga, mgonjwa huruhusiwa kukaa. Kuku akikimbia, mgonjwa hujaribu kusimama, na si kabla, hata kama mgodi unamwita. Kuku huyo hachinjwi. Mgonjwa akipona huondoka naye, na majirani humwita kuku kwa jina la mgonjwa.

Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake. Miaka arobaini aliyoifanya ilimpa heshima, ikampa na mdomo mkali, na watu waliuvumilia mdomo kwa sababu ya mikono.

Kati ya wote aliowaunga, mmoja ndiye aliyemtia kiburi. Mihayo, mtoto wa shoga yake Asteria, alidondoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe akiwa na miaka sita, gurudumu likapita juu ya muundi wa mguu wa kushoto. Wiki saba alilala kwa Paskalia, akinywa uji wake na kukojolea godoro lake. Siku alipovuka ua kwa miguu yake mwenyewe, akimkimbiza kuku wake mwekundu, Asteria alilia mpaka kilemba kikamdondoka.

"Mama Vumilia," alisema, "huyu si wangu tena peke yangu. Ni wetu sote wawili."

Paskalia hakujaliwa mtoto mwingine zaidi ya Vumilia, tena wa kike aliyeolewa mbali, Buseresere. Maneno yale aliyapokea kama yalivyo, akayaweka moyoni.

Mihayo alisoma mpaka akawa daktari. Juzi juzi, miaka miwili haijatimia, alirudi na gari la chuo. Alikuwa akitafiti namna mfupa uliovunjika unavyojijenga upya, na kinachowapata wanaotibiwa kwa waunga mifupa wa vijijini.

"Mwangaluka, mayo," alisalimu mlangoni, akimwita mama kwa Kisukuma kilichoanza kuota kutu.

Paskalia alimkumbatia, kisha akamtukana kwa kukonda.

Mihayo akatoa karatasi ya ridhaa, akamwomba aweke dole gumba kama anauunga mkono utafiti. "Mikono nimeunga mingi," Paskalia akamjibu. "Huu wa utafiti umevunjikia wapi?" Walicheka, na dole likawekwa.

Alichokitaka Paskalia kilikuwa kimoja, na alikisema waziwazi. Kibali chake kilikuwa kinakaribia kwisha, na wilayani walishaanza kuwasema vibaya watu wa kazi yake. Mihayo akaahidi kwamba ripoti itamtetea: yeye ataendelea kufunga vijiti, hospitali itapiga picha, kila mtu na kazi yake. "Niachie mimi, mayo," alisema.

Msimu mzima wa mvua walishinda pamoja. Mihayo alimfundisha kwamba ndani ya mfupa kuna chembe zinazobomoa na chembe zinazojenga, na hazipumziki mpaka mtu anakufa.

"Kama kwenye duara," Paskalia alisema. "Hawa wanachimba, hawa wanapiga matimba, magogo ya kushikilia kuta. Wachimbaji wakizidi, linaporomoka."

"Ndiyo ugonjwa wa mifupa ya wazee huo," Mihayo akasema, akaandika. "Na mtoto, mayo, yeye mafundi wake ni hodari. Mfupa wake unajijenga upya mpaka pale ulipovunjika hapaonekani. Hata picha haioni kitu."

Paskalia alimpigapiga muundi wa kushoto kwa fahari. Mihayo naye akacheka.

Kisha akamwomba amtajie na walioharibika. Sayansi, alisema, haipendi uongo. Mganga gani hutaja walioharibika? Wenzake wangemfukuza muulizaji kwa fimbo. Lakini huyu alikuwa mtoto wake. Akamtajia: wagonjwa thelathini na mmoja wa miaka ya karibuni, watatu waliharibika, na mmoja kati yao alikatwa mguu hospitalini kwa sababu yeye Paskalia alimfunga kwa kukaza mno. Alilisema hilo huku akilia. Hakuwahi kumwambia mtu mwingine yeyote.

Mkutano wa mrejesho ulifanyika kwenye darasa la shule ya msingi. Maafisa wa wilaya walikaa mbele, wananchi nyuma, na Asteria, ambaye sasa ni mjumbe wa kamati ya afya, katikati. Paskalia alivaa kitenge kipya. Alikuwa amewatambia majirani wiki nzima kwamba wanakwenda kumsikia mwanawe.

Ukutani ikatokea picha ya mguu uliokatwa. Ikaja ya pili, mkono uliopinda. Ikaja ya tatu. Paskalia alisubiri wale ishirini na wanane. Hawakuja.

"Hawa ni wa mtoa huduma namba nne," Mihayo alisema. "Waliobaki hawana mafaili ya hospitali, kwa hiyo hawakuingizwa kwenye hesabu."

Ilimchukua muda kuelewa kwamba namba nne ni yeye. Siri aliyoitoa kwa machozi ilikuwa inaonyeshwa ukutani kwa mwanga wa projekta, na aliyeitoa nje ni yule aliyekunywa uji wake.

Sostenes, mchimbaji aliyeungwa mkono na Paskalia mwaka jana, alisimama bila kuruhusiwa. "Lakini daktari, si hata wewe uliungwa na mama huyu? Wote tunajua!"

Afisa mmoja akainua kichwa. "Kweli, daktari? Una uhusiano na mtoa huduma huyu?"

Mihayo alifuta miwani. "Sijawahi kuvunjika," alisema. "Nipigeni picha hata leo. Hamtaona alama."

Paskalia hakumtazama Mihayo. Alimtazama Asteria.

"Mama Mihayo," alisema polepole, "waambie."

Asteria alikunja ncha ya khanga, akaikunjua, akaikunja tena. "Ni zamani sana, mama Vumilia," alisema. "Mimi sikumbuki vizuri."

Afisa alisoma barua: kibali hakitahuishwa, na kuanzia siku hiyo asipokee mgonjwa. Wakamletea kidau cha wino aweke dole gumba kuwa ameipokea. Paskalia alijikongoja mpaka mbele, akakitazama kile kidau, akakiacha.

"Daktari," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Hebu tembea mpaka mlangoni, urudi."

"Mama, tuna ratiba..."

"Tembea."

Watu walikuwa wanangoja, na afisa naye alikuwa anangoja. Mihayo alitembea mpaka mlangoni, akarudi. Alitembea vizuri, wima, miguu yote miwili sawasawa, na viatu vyake vilitoa mlio mmoja kwenye sakafu.

Paskalia alimfuata kwa macho hatua zote, kama alivyomfuata siku ile uani.

"Kosa langu nimeliona," alisema. "Nilikuunga vizuri mno. Ningekuachia kuchechemea kidogo tu, mwanangu, ungenikumbuka."

Kisha akachovya dole kwenye wino.