Mponyaji wa Kibanda cha Gemu

Harufu ya omena, dagaa wa ziwani, ikichanganyika na moshi wa jenereta hunirudisha kwenye kibanda cha gemu nyuma ya soko la Ndhiwa. Pale ulicheza mpaka mtu wako wa kwenye skrini afe, kisha ukampa mwenzako padi ya kuchezea. Wavulana wote walichagua shujaa wa upanga, pointi zote wakaziweka kwenye nguvu, na wote waliuawa na jitu la darajani. Mimi nilichagua mponyaji, mwenye kanzu na kifimbo, na kila pointi nikaiweka kwenye kujitibu.

"Huyo ni wa kuombea wagonjwa," kaka yangu alisema. "Hawezi kupigana."

Jitu lilinipiga, nikajitibu. Likanipiga tena, nikajitibu, nikalidonoa kwa kifimbo. Uhai wake ulipungua polepole, kama kipande cha sabuni. Padi ililowa jasho. Wavulana waliacha kucheka, wakaja kusimama nyuma yangu.

Jitu lilipoanguka, mwenye kibanda aliacha jenereta yake, akaja kuuliza ni nani ameliua.

"Ni sista yangu," kaka alisema, akiusukuma mkono wa mvulana aliyekuwa akiunyoosha kuchukua padi. "Na hajakufa. Bado ni zamu yake."