Piko Kichwani, Jiko Miguuni

Bibi yangu kule Wanging'ombe alikuwa na jogoo mkorofi, akijiona kwenye maji ya beseni anadhani ni mwenzake, anadonoa mpaka maji yanamwagika (bibi akisema wivu wa jogoo mwisho wake sufuriani), nami nilimcheka sana yule ndege, sikujua kwamba uzeeni nitakuwa yeye.

Maana mimi ni mjane, na hapa Mjimwema nilimpenda mjane mwenzangu, Mama Tumaini, na Jumapili ile nilikusudia kumtamkia, ila alishatokea Sanga wa Makambako, dereva mstaafu, rika langu kabisa lakini kichwa cheusi kama chungu, kila wiki anamletea viazi. (Viazi! Njombe hii iliyojaa viazi!) Basi nikapaka piko, ile rangi nyeusi, nywele, ndevu, hata nyusi, na kwa haraka sikuosha, nikabandika kofia nikaenda kwa Mama Tumaini.

Nikamkuta Sanga kwenye kiti changu, anaota moto wa jiko la mkaa pale mlangoni. Roho ikaniuma. Nikalibeba jiko hadi ndani, Sanga akanifuata, nikaliweka miguuni kwangu, nikafunga mlango na dirisha, mama akitoka uani aone nani anayejali baridi yake.

"Fungua dirisha, mzee mwenzangu," akasema Sanga, "kichwa kinanigonga."

"Baridi imekushinda? Rudi Makambako ukapigwe upepo!"

Kichwa kilinigonga hata mimi, lakini nifungue, Sanga ashinde? Nilipozinduka nilikuwa mgongoni kwake, katikati ya barabara, watu wanatoka kanisani, jasho jeusi linanitiririka kwenye shati lake jeupe.

Hospitalini daktari, binti mdogo, akasema, "Babu, hewa ya mkaa haina harufu, inashika damu isibebe pumzi. Na piko usiyoosha inapenya ngozini, ini ndilo linaivunja, sasa hewa hiyohiyo huweza kulibana ini nalo, piko ikakawia mwilini. Umejitafutia mawili kwa mpigo."

"Kumbe piko!" Mama Tumaini akashika mdomo.

"Hata mimi napaka," akasema Sanga kwa upole, "lakini naosha."

"Unaosha wewe?" mama akamcheka, akimpangusa kola. "Si mimi ndiye ninayekupaka na kukuosha kila Jumamosi!"

Kila Jumamosi. Nikachukua kofia yangu, nikawapita, nikashuka ngazi nikaenda zangu, na nyumba ile sijaikanyaga tena. Jiko langu siku hizi linalala nje, na mvi zangu nimeziacha zione jua.