Frigo iliyoinama

Tone moja lilianguka gizani, katika dispansere ya Mushaki nilikolala. Frigo ya mafuta ya taa ilikuwa inapoteza baridi, na ndani mlikuwa na dawa za watoto.

Asubuhi mlinzi, mzee wa Kihunde, alilala kifudifudi kutazama taa iliyo chini ya frigo. Mwali wa buluu ulielea kama ndoto.

"Moto iko muzuri," alisema. "Frigo njo imeinama. Ikiinama, haitoe baridi."

Akavuta jiwe lililokuwa chini ya mguu mmoja wa frigo ili kuisawazisha. Frigo ikaanza kumlalia polepole, kama ng'ombe anayesinzia.

"Papa! Papa!" alilia mke wa mwanawe kutoka mlangoni, ambaye tangu aolewe hakuwahi kutamka jina la baba mkwe.

Wanaume wote tuliokuwa pale tuligeuka, maana huko kila mwanamume mzima huitwa papa. Mzee hakugeuka.

Heshima, msomaji, hutunzwa mpaka chuma kianguke.

"Toka, Bauma!"